Acheni Kunakili Folda

Simu iliita saa tatu usiku. Aliyepiga ni nesi wa zahanati moja ya Ukerewe, mama wa makamo ambaye hakuwa na tabia ya kunipigia usiku. Salamu zilikuwa fupi.

"Mwanangu, mashine yako inasema mtoto wa kilo kumi na mbili ameze vidonge vinne vya mseto kwa mara moja."

"Haiwezekani, Sista."

"Nimekutumia picha. Angalia."

Nikafungua WhatsApp. Ilikuwa lebo ya dawa iliyochapishwa na mfumo nilioutengeneza mwenyewe: vidonge 4, mara 2 kwa siku, siku 3. Mtoto wa kilo 12 anayetibiwa malaria kwa dawa mseto hupewa kidonge 1. Vinne ni vya mtu mwenye kilo 35 na kuendelea. Nyuma ya lebo, ukutani, ilionekana karatasi ya mwongozo wa dozi, imefifia, imebandikwa kwa plasta ya vidonda.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Nimempa kimoja kama ukuta unavyosema. Sasa niambie wewe, hii imeanza lini?"

Nilikuwa nimeweka toleo jipya Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Siku zote hizo zamu ya dawa nilikuwa mimi," akasema. "Ningekuwa likizo je?"

Swali hilo sijalijibu mpaka leo, na makala hii si jibu. Ni ugomvi. Nagombana kwanza na mimi wa wakati ule, halafu na wenzangu wote wanaotengeneza mifumo ya hospitali, maduka ya dawa, shule na saccos kuzunguka Ziwa Victoria kwa njia ile ile niliyokuwa naitumia. Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Mteja mpya akija, unanakili folda ya mteja wa zamani, unabadilisha nembo na rangi, kisha unaanza kukatakata msimbo mpaka umkae.

Wateja wangu walikuwa saba. Kwenye kompyuta yangu mpakato kulikuwa na folda tisa, kwa sababu mbili zilikuwa na matoleo ya "mwisho" na "mwisho_kabisa". Kliniki moja ya mjini iliniomba nibadilishe namna ya kuandaa madai ya bima. Nikabadilisha, ikafanya kazi, wakafurahi. Ukerewe nao walikuwa wakisubiri mabadiliko hayo hayo, basi nikachukua faili za kliniki ya mjini na kuzibandika kwenye folda yao. Miongoni mwake ilikuwamo faili moja yenye hesabu ya dozi.

Kliniki ya mjini huona zaidi watu wazima. Kule uzito haukuwa wa lazima, na nilikuwa nimeandika kwamba uzito usipokuwepo, mgonjwa achukuliwe kuwa mtu mzima. Ukerewe uzito uliandikwa kila mara, lakini kwenye safu nyingine ya hifadhidata, kwa sababu mwaka uliotangulia waliniomba nitenganishe uzito wa mjamzito na uzito wa mtoto. Safu ya zamani ilibaki pale pale, tupu. Faili ya mjini ikaenda kuisoma, haikukuta kitu, ikaamua kwamba kila mtoto wa kisiwa kile ni mtu mzima. Hakukutokea ujumbe wa kosa wala mstari mwekundu. Java iliridhika, Tomcat iliridhika, hifadhidata iliridhika. Asiyeridhika alikuwa mama mmoja mwenye karatasi ukutani.

Ukiwasimulia wenzako kisa kama hiki, watakuambia tatizo ni uzembe: ungefanya majaribio, ungeangalia mara mbili. Ni kweli, ningefanya majaribio. Lakini binadamu mwenye folda tisa hawezi kuwa makini mara tisa kwa kila badiliko, mwaka hadi mwaka, na umeme ukikatika katikati ya kazi. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimejenga kuta tisa kwa wakati mmoja, kila mmoja na ufa wake, na nikashangaa kwa nini silali.

Tatizo langu lilikuwa la umbo. Mfumo wangu haukuwa na viungo. Haukuwa na mahali palipotengwa wazi ambapo Ukerewe ingeweza kutofautiana na Kirumba bila kugusa kitu ambacho wote wanakitegemea. Pasipo na kiungo, kila tofauti ni upasuaji.

Tuseme basi kiungo ni nini. Kwenye menyu za kompyuta zilizotafsiriwa utaona neno "programu-jalizi". Mtaani tunasema plagini. Watu wengi wakisikia neno hilo wanafikiria kitu cha kupakua: ongeza hiki, kivinjari chako kitazuia matangazo. Huo ni upande wa mtumiaji. Upande wa mjenzi, plagini ni nusu ndogo ya habari. Nusu kubwa ni ahadi ambayo kiini cha mfumo kinaitoa: nitakuita wakati fulani, nitakupa taarifa fulani, nitategemea jibu la aina fulani, na sitabadilisha makubaliano haya bila kukuambia.

Katika Java ahadi hiyo huandikwa kama intafesi, yaani orodha ya kazi zenye majina, bila kueleza zinafanywaje. Kwa kisa changu ingetosha intafesi moja inayoitwa KanuniYaDozi, yenye kazi moja: pokea mgonjwa na dawa, rudisha dozi au kataa ukieleza sababu. Kliniki ya mjini inakuwa na plagini yake inayotimiza kanuni hiyo, Ukerewe na yake. Kiini hakijui kilichomo ndani ya yoyote, na hakitakiwi kujua. Tangu Java 6, iliyotoka mwaka 2006, lugha yenyewe ina kifaa kiitwacho ServiceLoader. Unaweka faili ndogo ya maandishi ndani ya kifurushi chako, kwenye META-INF/services, unataja jina la klasi inayotimiza ahadi, na mfumo ukiwaka unaikuta. Hakuna leseni ya kununua wala kozi ya miezi sita. Nilipokuwa nanakili folda zangu tisa, kifaa hicho kilikuwa ndani ya kompyuta yangu kwa miaka mingi.

Hapa ndipo nasikia pingamizi la kwanza: hayo ni mambo ya Wazungu wenye timu za watu hamsini, sisi huku tunahangaikia kodi ya chumba cha ofisi.

Mfano ninaoutoa umeanzia jirani, tena kwenye chumba chembamba kuliko ofisi yako. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya Eldoret nchini Kenya, ulianza kutumika mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Ulifanya kazi. Kisha ikaja kazi kubwa ya kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya, vituo vikaongezeka, fomu zikaongezeka, na ule mfumo mdogo ukaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief Institute ya Indiana, wakishirikiana na Hamish Fraser wa Partners In Health, walianza kuujenga upya kwa Java. Ndio ulioitwa OpenMRS. Februari 2006 ulianza kazi Eldoret, na mwaka huo huo Rwanda.

Wangeweza kufanya nilichofanya mimi. Eldoret ina fomu zake, Rwanda ina zake, basi nakili folda, kata, bandika. Hawakufanya hivyo. Kiini cha OpenMRS kilibaki na mambo ambayo kila kituo duniani kinayo: mgonjwa, ziara, vipimo vilivyorekodiwa, watumiaji na ruhusa zao, pamoja na kamusi ya dhana. Hiyo kamusi ndiyo mahali pa kuongeza swali jipya la kitabibu bila kuongeza safu mpya kwenye hifadhidata. Mengine yote yakawekwa kwenye moduli. Moduli ni faili moja yenye mwisho wa .omod. Ndani yake mna klasi, kurasa, na faili ya maelezo inayotaja jina la moduli, toleo lake, toleo la kiini inalolihitaji, na moduli nyingine inazozitegemea. Msimamizi anaipandisha kupitia ukurasa wa utawala. Ikikuta kiini si cha toleo linalotakiwa, inakataa kuwaka na kueleza sababu.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Inakataa kuwaka na kueleza sababu. Faili yangu ya dozi ingekuwa na adabu hiyo tu, simu ile isingepigwa.

Leo Kenya ina KenyaEMR na Uganda ina UgandaEMR. Ni mifumo miwili yenye sura tofauti, inayofuata taratibu za wizara mbili tofauti, nayo yote imekaa juu ya kiini kile kile. Tukitaka mfano wa hapa nyumbani, takwimu za vituo vyetu vya afya hupelekwa kwenye DHIS2. Nao ni mfumo wa Java, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Nao unaruhusu watu wa nje kuongeza programu zao juu yake bila kupasua kiini. Kwa hiyo usiniambie kwamba mambo haya hayahusu kanda yetu. Yamepikwa hapa hapa kwa matatizo ya hapa hapa.

Tena kama wageni hawakushawishi, nenda Mwaloni Kirumba uzungumze na wavuvi wa dagaa. Zamani usiku wa giza taa zao zilikuwa karabai za mafuta. Wengi sasa wanatumia taa za LED za betri au za sola. Badiliko hilo halikumlazimu mtu kununua mtumbwi mpya wala kushona wavu upya, kwa sababu taa haikuwahi kupigiliwa misumari kwenye mtumbwi. Inakaa juu ya chelezo chake kidogo, inaelea, imefungwa kwa kamba. Mtumbwi haujui taa inawaka kwa nini. Unachojua ni kwamba pale penye mwanga dagaa watakusanyika. Wazee waliopanga hivyo hawakusoma kitabu cha usanifu wa programu, lakini walijua kipi kitabadilika na kipi kitakaa.

Kujua kipi kitabadilika na kipi kitakaa ndiyo kazi yote. Kinachoniudhi ni kwamba hata wale waliokubali plagini wanaikimbia kazi hiyo kwa mlango wa nyuma, na kuna njia mbili za kuikimbia.

Njia ya kwanza ni kufanya kila kitu kuwa plagini. Kijana amesoma kuhusu OSGi, utaratibu ulioanza mwaka 1999 na unaoibeba Eclipse tangu 2004, basi analeta mtambo wote ule kwenye duka la dawa lenye kaunta moja. Kuingia kwa mtumiaji ni plagini. Mgonjwa mwenyewe ni plagini. Ukiuliza kiini kina nini, unaambiwa kiini ni kuwasha plagini. Huo ni uoga wa kuamua. Mfumo usio na msimamo hata juu ya mgonjwa ni nani hauwezi kumwahidi mtu chochote, na bila ahadi plagini hazina pa kushika. Kwa mfumo wa zahanati mimi sasa nasema wazi: utambulisho wa mgonjwa, ziara, ruhusa za watumiaji, na kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, hivi ni vya kiini, havijadiliwi. Kanuni za dozi, madai ya bima, bei, ripoti na uchapishaji wa lebo ni vya plagini. Orodha yako inaweza kuwa tofauti. Kutokuwa na orodha ndiko nisikokubali.

Njia ya pili ni kuwa na plagini za jina tu. Kuna folda inayoitwa "plagini", lakini kila kilichomo kinachungulia moja kwa moja kwenye meza za kiini, kinaongeza safu zake humo, na kuita klasi za ndani ambazo hazikuahidiwa kwa mtu. Hiyo ni ile ile folda tisa, ila sasa zimelala kitanda kimoja. Hata ulimwengu wa OpenMRS umeonja maumivu haya. Moduli zake hukaa ndani ya mfumo mmoja wa Spring na hifadhidata moja, na moduli iliyoshika kitu cha ndani ya kiini huvunjika kiini kikipanda toleo. Moduli haimfundishi mtu nidhamu. Inampa mahali pa kuionyesha. Plagini iwe na meza zake, imtaje mgonjwa kwa namba yake tu, na ikitaka kubadilisha jambo la kiini iombe kupitia mlango ulioahidiwa.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo nalikiri: usalama. Plagini ya Java inaendeshwa ndani ya mchakato ule ule wa seva. Inaweza kusoma kila kitu ambacho kiini kinaweza kusoma, majibu ya vipimo vya watu yakiwemo. Zamani watu walijificha nyuma ya kifaa cha Java kiitwacho SecurityManager. Java 17, mwaka 2021, ilikitangaza kuwa cha kuondolewa, na Java 24, mwaka 2025, imekizima moja kwa moja. Kwa hiyo anayekuambia ataifungia plagini ya mtu asiyemjua kwenye chumba salama ndani ya Tomcat anakudanganya. Dawa iliyopo ni ya kibinadamu: msimbo usomwe na mtu wa pili kabla ya kupandishwa, faili itiwe saini, na mwenye zahanati ajue kwa jina nani ameiandika. Kama huwezi kuyafanya hayo, usimruhusu mtu wa nje aweke plagini ndani. Mpe API na akae nje.

Na wale wanaotaka kubadilisha plagini mfumo ukiwa unaendelea kufanya kazi, bila kuzima, nawauliza: kwa ajili ya nani? Vipakiaji vya klasi visivyoachiliwa vizuri hujaza kumbukumbu mpaka seva inaanguka, na kutafuta chanzo kutakula wiki nzima. Zahanati hulala. Zima Tomcat saa sita usiku, weka faili, washa. Umeme wetu wenyewe umeshatuzoesha kuzima na kuwasha.

Nimebakisha pingamizi ambalo halisemwi hadharani, ingawa nimelisikia mara nyingi mezani, kwenye sato na ugali. Linasemwa kwa sauti ya chini: ukimjengea mteja mfumo wenye viungo, kesho atamwita mtu mwingine aongeze kitu. Ukimjengea fundo, atarudi kwako. Fundo ndilo pensheni yako.

Naielewa hesabu hiyo. Nimeiishi. Lakini tuiseme kwa jina lake: tunawauzia wagonjwa wa watu wengine minyororo ili tupate kodi ya ofisi. Na pensheni yenyewe haipo. Kila mwaka wa folda tisa ulinipa kazi isiyolipwa kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu badiliko moja la taratibu za bima lilikuwa mabadiliko tisa, na hakuna mteja anayekubali kulipia mara ya tisa. Nilidhani nimewafunga wateja. Aliyefungwa nilikuwa mimi, na kamba nilisokota mwenyewe.

Zaidi ya hayo, fundo linawafungia nje vijana. Kila mwaka wanahitimu wengi pale Malimbe na kwingineko wanaojua Java vizuri. Kijana hawezi kuanza kwa kujenga mfumo mzima wa hospitali, lakini anaweza kuandika plagini moja nzuri ya kukumbusha kina mama siku za kliniki, akaiuza kwa zahanati tano. Anachohitaji ni ahadi iliyoandikwa, yenye toleo, inayosomeka bila kunipigia simu. Kumnyima hiyo na kisha kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana ubunifu ni kumfunga mtu miguu na kumcheka kwamba hakimbii.

Ahadi iliyoandikwa ina uzito wake, na aliyeitoa asidhani ni mchezo. Wakubwa wenyewe wametuumiza kwa kuivunja. Kwa takriban miaka ishirini programu zote za wavuti za Java ziliandika javax.servlet. Oracle ikaikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, na mwaka 2019 pande hizo mbili zikashindwa kukubaliana kuhusu matumizi ya jina javax. Desemba 2020, Jakarta EE 9 ikabadilisha majina yote yaanze na jakarta, na Tomcat 10 ikafuata. Hakuna kazi yoyote ya kitaalamu iliyokuwa imeharibika. Ni mgogoro wa nani ana haki ya jina. Lakini kila plagini iliyoandikwa kwa jina la zamani haiendi ndani ya Tomcat mpya mpaka ibadilishwe. Kama kampuni na taasisi kubwa kiasi hicho zinaweza kuitingisha dunia nzima kwa neno moja, jiulize wewe unayebadilisha majina ya intafesi zako kila Ijumaa unamfanyia nini yule aliyejenga juu yako.

Kwa hiyo, wenzangu, ombi langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Kabla ya kunakili folda ya kumi, kaa chini siku mbili. Andika kwenye karatasi moja mambo ambayo wateja wako wote wanakubaliana, na nyingine mambo ambayo wanatofautiana. La kwanza ni kiini chako. Kutoka la pili chagua mambo matatu tu yanayokusumbua zaidi, uyatungie intafesi tatu. Zipe namba ya toleo. Plagini isipopata kinachohitajika, ikatae kwa sauti, isikisie. Uzito usiojulikana si kilo 35. Ni uzito usiojulikana, na mfumo useme hivyo kwa herufi kubwa mpaka mtu aende kwenye mizani.

Mimi ilinichukua muda mrefu zaidi ya siku mbili. Kuunganisha folda tisa kuwa kiini kimoja kulinila karibu mwaka, na wateja wawili walinikimbia wakisema nimekuwa mvivu, sileti mambo mapya. Sikuwa na la kuwajibu, kwa sababu kutoka nje kazi hiyo haionekani. Skrini ni zile zile.

Ilipokamilika nilipanda meli ya Nansio, seva mpya ikiwa kwenye begi, nimeipakata kama mtoto njia nzima. Nesi alinikaribisha chai. Nikamwonyesha: tukaandika mtoto bila uzito, tukaagiza dawa mseto. Lebo haikutoka. Skrini ikaandika kwamba dozi haiwezi kupangwa, pima uzito kwanza. Tukaandika kilo 12. Ikatoka lebo ya kidonge 1.

Aliitazama kwa muda, kisha akageuka kuitazama karatasi yake ukutani, akalinganisha mstari kwa mstari, kilo kwa kilo, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisubiri kama mwanafunzi.

"Sawa," akasema. "Imekubaliana na ukuta."

Nikamwambia basi sasa karatasi anaweza kuitoa, imechakaa.

"Hiyo haitoki, mwanangu," akanijibu, akaongeza plasta kwenye kona iliyokuwa inaachia.